Gundi Kafungiwa na Binti Yake

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili makuukuu, ubavuni mwa stoo ya saruji, pale njia ya vumbi inapoingia kwenye lami. Upande wa kivuli hukaa fundi viatu na kopo lake la gundi, lile lililompa jina hadi hata waliosoma naye wamelisahau jina lake la kuzaliwa. Katikati hukaa Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, mwenye neno gumu kwa kila jambo jepesi. Mwisho wa ubao hukaa Mnara, fundi redio, mrefu wa miguu, na mambo yote ya hewani anayajua yeye. Mbele yao, juu ya kigoda, hukaa Mama Birika na jiko lake la makaa, anamimina kahawa na kusema machache. Hapo ndipo Gundi alipofika asubuhi moja ya Jumanne, akaketi, akachukua kiatu cha mtu, akakigeuza huku na huku, kisha akakiweka chini bila kukigonga hata msumari mmoja.

— Simu yangu inaumwa, akasema.

Walimsogelea. Akaeleza kwamba tangu Jumapili picha ya binti yake imepotea simuni. Pale palipokuwa na uso wake pamebaki kichwa cha kijivu kisicho na macho. Na salamu anazomtumia kila asubuhi, lile ua jekundu lenye maneno ya heri, zimekaa na tiki moja tu. Akipiga, haiiti. Kabla ya hapo binti alikuwa anamjibu kwa sauti akifungua duka, na Gundi alikuwa anasikia hadi mlango unavyolia. Sasa siku ya tatu, kimya.

Mnara alikuwa wa kwanza kuipokea ile simu. Akaiinua juu, akaitega upande wa kushoto, akainusa. Akasema ugonjwa ameujua: harufu ya gundi imeingia kwenye tundu la kusemea na kuganda humo, ndiyo maana ujumbe unatoka kwa shida na tiki ya pili inanasa njiani.

Kamusi hakukubali. Alisema hilo ni suala la kisheria. Laini ya mtu inaweza kusimamishwa kwa muda usiojulikana, mwenye laini asiambiwe, wala baba yake asiambiwe. Yeye mwenyewe aliwahi kuliandika shauri la namna hiyo, ila jalada liliungua.

— Laini isimamishwe, na picha nayo isimamishwe? akauliza Mnara.

— Picha ni kielelezo. Kielelezo huondolewa kwanza.

Mnara akatafuta kubwa zaidi. Alieleza kwamba picha zote za watu hazikai simuni, zinakaa hewani, kwenye mtambo mmoja unaozunguka dunia. Na mtambo huo umezeeka. Unaanza kusahau nyuso kama wazee wanavyosahau. Tena unaanza na nyuso za wanaocheka, kwa kuwa meno yana mwangaza na yanachosha kuyabeba. Binti wa Gundi anacheka kwenye ile picha, si anacheka? Basi.

Kamusi, ambaye kwa kawaida angebishana hadi adhuhuri, alitikisa kichwa na kusema kwamba jambo hilo kweli lipo, tena vitabuni limeandikwa.

Hapo Gundi akajua kwamba nao wanajua. Kamusi hajawahi kukubaliana na Mnara hata kuhusu siku ya wiki. Akawatazama wote wawili, akaona hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Walikuwa wanazijenga nadharia zao haraka haraka, kama watu wanaomshikilia mgonjwa turubai mvua isimfikie. Na yeye alikuwa anajua tangu Jumapili. Mteja mmoja aliwahi kumweleza maana ya tiki moja na kichwa cha kijivu. Alikuja kijiweni kutafuta mtu wa kumwambia vingine.

— Amenibloki, akasema taratibu. Mwanangu amenibloki.

Mama Birika akamwekea kikombe mkononi.

Yafaa ijulikane huyo binti ni nani. Mama yake alifariki yeye binti akiwa na miaka tisa, na Gundi hakuoa tena. Alijifunza kumsuka nywele kwa vidole vyenye gundi, na shuleni walimu walimjua mtoto huyo kwa harufu kabla hajaingia darasani. Alisoma, akasoma tena, akawa mfamasia. Kisha akaolewa na kijana mwenye maneno matamu, aliyemwita Gundi “mzee wangu” na kumpigia kila Ijumaa. Gundi alimhifadhi simuni kwa jina la Mkwe Mwema. Miaka mitatu baadaye binti alitoka kwenye ile nyumba na begi moja, akahamia mji mwingine, akabadilisha namba. Baba alipouliza, alijibiwa kwa kifupi kwamba wameshindwana. Namba mpya aliwapa watu wawili tu, baba yake na shangazi yake, na alimwambia baba neno moja: namba hii usimpe mtu. Gundi hakumpa mtu. Hata Kamusi aliyeiomba ili amwulizie binti dawa ya magoti, alinyimwa.

Basi wiki mbili kabla ya Jumanne hiyo, binti alimtumia picha. Amesimama mbele ya duka lake la dawa, lake mwenyewe, siku ya kulifungua, kavaa koti jeupe na juu ya kichwa chake bango jipya lenye jina la duka. Gundi alipoiona alilia juu ya kiatu cha mteja. Kisha akaiweka stetasi. Akaituma grupu la ukoo, grupu la mafundi, grupu la mtaa, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshachanganya, hata grupu la chama cha kuzikana. Wakampongeza kote. Siku ile kahawa ya kijiwe kizima ilikuwa juu yake.

Sasa Mnara akatoa simu yake mfukoni.

— Piga kwa hii, fundi. Namba yangu haijui. Atapokea.

Gundi akaipokea. Namba ya mwanawe anaijua kichwani, akaanza kuiandika tarakimu moja moja kwa kidole kigumu. Alikuwa amebakiza mbili.

— Usipige, akasema Mama Birika.

— Kwa nini asipige? Ni mwanawe wa kumzaa, akasema Mnara.

— Ndiyo maana.

Aliweka birika chini, jambo ambalo halifanyi mteja akiwa amekaa, na akawaeleza kitu ambacho kwa miaka sita ya kuwauzia kahawa hakuwahi kukitaja. Alisema amemfungia kaka yake, wa tumbo moja. Kaka huyo alikuwa akipiga simu na kumtukana, akilala na kuamka ni matusi, kisha anaomba radhi, kisha anaanza upya. Akamfungia. Kaka akaazima simu ya jirani. Akaifungia na hiyo. Akaazima ya kinyozi, ya dereva, ya mtu aliyekutana naye dukani. Ikafika mahali Mama Birika akaacha kupokea namba zote asizozijua. Siku moja ilikuwa zahanati inampigia kuhusu mtoto wake, na hakupokea.

— Ninampenda kaka yangu hadi leo, akasema. Akiugua, nitaambiwa na nitakwenda. Lakini akipenya kwa simu ya mtu, ananionyesha kwamba nikikataa, kukataa kwangu si kitu.

Gundi alikuwa bado ameishika simu ya Mnara.

— Fundi, nikuulize. Ile picha ya dukani, ulimwomba ruhusa kabla hujaisambaza?

Gundi alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba namba hajaitoa, kwamba aliambiwa namba, picha hakuambiwa. Maneno yalikuwa tayari, lakini yalipofika ulimini akayasikia yalivyo. Akazifuta zile tarakimu moja baada ya nyingine na kumrudishia Mnara simu yake.

Kisha akaichukua ya kwake na kuanza kushuka nayo chini, kwenye ujumbe wa wiki mbili zilizopita, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kimemgusa moyoni na hakukumbuka vizuri ni nini. Akakikuta. Mkwe Mwema alimwandikia siku ileile ya picha: “Shikamoo mzee wangu. Nimemwona binti yetu, kapendeza sana. Hilo duka liko wapi, nikipita nimpongeze?” Na chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, Gundi alikuwa amejibu: “Marahaba mwanangu. Liko nyuma ya soko kuu, mkabala na ofisi ya maji. Ubarikiwe.”

Alimpa Kamusi simu. Kamusi aliyesoma hukumu za watu miaka thelathini aliusoma ule ujumbe mara mbili, akavua miwani, akaikunja, akaishika tu mkononi.

Gundi alisimama na kwenda kando, ukutani kwa stoo, akampigia dada yake. Dada hakushangaa kumsikia. Alimwambia polepole, kama mtu aliyekuwa akiisubiri simu hiyo na kuiogopa. Kwamba yule bwana alifika kule Alhamisi. Alisimama upande wa pili wa barabara tangu asubuhi hadi duka linafungwa, anatazama tu. Kesho yake aliingia ndani, akanunua vidonge vya kichwa, na alipopewa chenji yake akasema, “Baba yako anakusalimu.” Binti alitorokea mlango wa nyuma na kuacha duka wazi. Alilala kwa mfanyakazi wake. Alikwenda polisi. Na Jumapili akakaa na simu yake, akafunga kila mlango ambao yule mtu angeweza kupita, mmoja mmoja, akianza na wa baba yake.

Ndipo dada akamweleza mambo ambayo binti hakuwahi kumwambia baba: kwamba mume alikuwa akiipokonya simu yake mlangoni kila anaporudi kazini, akisoma kila kitu, akimwuliza habari za kila jina, na kwamba haikuishia kwenye maswali.

— Mbona hakuniambia mimi? akauliza Gundi.

— Alisema ungelia. Alikuwa hataki ulie.

Kisha dada akaongeza.

— Hana hasira na wewe. Alilia wakati anakufungia. Aliniambia, shangazi, baba hawezi kuficha furaha.

Gundi aliegemea ukuta. Kule kwenye ubao walimwona mgongo tu, na vumbi jeupe la saruji lililomganda shati. Mnara alitaka kumfuata, Kamusi akamshika mkono. Wakamwacha hadi aliporudi mwenyewe.

Aliketi, akawasimulia yote bila kujificha popote. Kisha akaweka simu juu ya ubao.

— Nifundisheni kufunga.

Watu walimgeukia Mnara. Mnara akaitazama simu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akasema hapo yeye hajui. Aliyejua ni Mama Birika. Alifuta mikono kwa kanga, akahama kigoda chake, akaketi kwenye ubao katikati yao, na kazi ikaanza.

Kwanza alimkataza kuufuta ule ujumbe wa mkwe. Akaupiga picha hapohapo kwenye kioo, na tarehe na saa zikaonekana, wakamtumia dada ili binti aupeleke polisi, kwa kuwa kule kituoni wataulizia mtu huyo alipajuaje. Kisha akamwonyesha pa kubonyeza. Jina likatokea, Mkwe Mwema, na simu ikauliza kama ana hakika. Gundi akaijibu kwa sauti, kama anaongea na mtu.

— Nina hakika.

Akabonyeza.

Wakafungua sehemu ya faragha, ambayo Gundi alikuwa haijui kama ipo. Wakakuta kila kitu kiko wazi kwa kila mtu: picha yake, stetasi zake, saa aliyokuwa mtandaoni, hata ruhusa ya mtu yeyote kumtia grupu lolote. Waliyafunga hayo yote, akabakiza watu anaowajua tu. Tena Mama Birika akamwambia ayapitie hayo majina anayoyajua, moja moja, ajiulize kama kweli anawajua. Alikuwa na majina mia tatu na kitu. Akiulizwa huyu ni nani, mara nyingi jibu lilikuwa aliwahi kumtengenezea kiatu. Picha yake ya mbele ilikuwa ya binti siku ya mahafali. Akaitoa, akaweka ya kiatu cheusi alichokuwa nacho mkononi.

Kazi ngumu ilikuwa magrupu. Ile picha ilikuwa imekaa mno na haikufutika tena simuni mwa watu. Kamusi akajitolea kuandika tangazo, na akaandika jambo refu lenye “kwa mujibu wa” nne na “bila kuathiri” mbili. Mama Birika akalipunguza likabaki mstari mmoja: Naomba mfute picha ya binti yangu, nilikosea kuituma. Gundi hakutosheka na tangazo. Alimwomba kaka yake, msimamizi wa grupu la ukoo, amtoe mkwe, maana hakuna aliyekuwa amemtoa tangu ndoa ivunjike. Kila mtu aliona aibu kumtoa. Kisha akawapigia wote waliomo, watu arobaini na mmoja, mmoja mmoja, siku tatu mfululizo, viatu vya watu vikimngoja. Binamu mmoja alimcheka, akasema picha tu hiyo, mbona unakuza mambo. Gundi akasubiri amalize kucheka, akamwomba tena. Binamu akafuta.

Siku ya nne alimtumia dada ujumbe wa kumfikishia binti. Aliurekodi mara nyingi pale kijiweni na kuufuta, kwa sababu kila mara ulijaa maelezo ya kwa nini yeye hakujua. Mwisho ulikuwa mfupi. Alisema ameelewa, na amekosa, na amefunga alipopaswa kufunga. Alisema asifungue kwa ajili ya kumhurumia. Na hata asipofungua, yeye yupo palepale na kazi yake inaendelea.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kulimshinda Gundi kuliko alivyodhani. Asubuhi kidole kilikwenda chenyewe kutafuta lile ua la salamu. Kikifika, anakirudisha. Mara mbili alipita kwenye jina la mwanawe akakikuta kile kichwa cha kijivu, akakitazama kidogo, akaendelea kushona. Wenzake walijua saa hizo. Mnara alikuwa anaanzisha ubishi wowote ulio karibu, kuhusu betri, kuhusu mvua, na Kamusi anampinga kwa nguvu zote, mpaka Gundi aingilie kuwapatanisha. Dada alileta habari kwa vipande: yule bwana ameitwa kituoni na ule ujumbe ukasomwa mbele yake; amesaini kwamba hatakanyaga mtaa ule; wenye maduka jirani wameonyeshwa sura yake; binti amerudi dukani.

Ikapita wiki ya tano. Jumamosi moja mchana, Gundi akiwa anapima soli ya mteja, simu iliita. Namba ngeni. Aliitazama ikiita, akawatazama wenzake, akapokea bila kusema neno, alivyofundishwa.

— Baba. Umekula?

Alilazimika kuiweka soli chini.

— Nimekula, mama. Na wewe?

— Nimekula.

Kisha binti akamwambia hii ni laini nyingine, ya watu wake tu, na akamwomba asiiandike kwa jina lake. Baba akauliza aiandike jina gani. Binti akacheka, kile kicheko chake, akamwambia aandike chochote atakachokikumbuka yeye. Gundi akafikiri, akaandika “Thelathini na Saba”, kwa kuwa ndicho kipimo cha mguu wa binti, na hakuna mtu mwingine duniani anayekijua.

— Nimekutumia picha, baba. Ya kwako peke yako.

— Nimesikia.

Aliifungua picha akiwa ameinamisha kioo kifuani. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa picha ya nini, hakumwambia mtu, na hata hapa haisemwi. Aliizima simu, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Uso wake ulikuwa umefunguka hivi kwamba hata mpita njia angejua.

Mteja mwenye soli, mgeni pale, alikuwa amekaa ukingoni mwa ubao na soksi moja mguuni. Alikuwa mtu mchangamfu, hana neno baya. Akatabasamu naye.

— Fundi, naona umepata habari njema. Nani huyo?

Mnara akatazama juu kama anayetafuta mawimbi. Kamusi akaangalia ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa tone moja na masimbi, akasema kahawa ya leo imeisha. Mgeni akawageukia mmoja mmoja, akingoja.

Gundi akakiokota kiatu cha mgeni, akakipinda, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

— Hii soli imekwisha yote, akasema. Nitakuwekea mpya. Njoo saa kumi.